Kina

Siku ya kwanza nilitengeneza kikombe.
Kilikuwa na tundu ubavuni ambalo sikulitoboa mimi,
na mkono wake ulielea kando,
kama mgeni aliyefika msibani akasahau jina la marehemu.

Dunja, mwalimu, mwenye nusu ya umri wangu,
aliinama begani kwangu: Bi Jagoda,
nukta hizi mbili hazijaungana.
Hapa kwetu, uso ni nukta nne na mistari minne.
Nikacheka.
Miaka ishirini na sita naendesha tramu,
naziona nyuso kiooni alfajiri, zimekunjamana, zina usingizi,
wala sijawahi kuzihesabu pembe.

Darasa liko juu ya duka la viatu, Osijek, Januari.
Theluji inayeyuka kwenye buti zetu, inatiririka chini ya nyaya.
Borna anataka kuumba joka.
Zdenka, mfamasia mstaafu, naye anataka joka.
Mimi nilitaka kikombe kisichovuja.

Upana niliujua. Urefu niliujua.
Kina ndicho kilichonitesa.
Kwa watunga mashairi kina ni sauti inayorudi;
kwangu ni umbali unaojificha.
Naweka kiti mezani, chapendeza, kimekaa sawa,
nazungusha kamera kidogo tu,
kumbe kiti kiko peke yake huko nyuma, katika utupu wa kijivu,
mtoto aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Wiki ya nne tukaambiwa: mpira udunde.
Mpira tu. Hata rangi hauhitaji.
Nikaupandisha, nikaushusha, picha ishirini na nne kila sekunde,
kompyuta kuukuu ya mwanangu ikikoroma jikoni hadi saa nane usiku.
Dunja akatazama, akauma kalamu.
Unashuka, alisema, lakini hauanguki.

Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo,
nikalipeleka kazini saa kumi na moja alfajiri.
Karibu na kanisa kuu paka akakatiza reli,
nikafunga breki, nikatupa jicho kiooni
na kwa mara ya kwanza nikaona:
kiuno hutangulia.
Kisha mabega. Kichwa hufuata shingo upande,
mkono unatafuta nguzo, unaikosa, unaipata,
na mfuko wa viazi wa yule mama mwenye koti la kijani
unachelewa kuliko wote,
unayumba mara moja, mara ya pili nusu,
unatulia.

Naungama: kituo kilichofuata
nilifunga breki kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.
Bwana mmoja akanitukana, mimi na ukoo wangu.
Nilimshukuru kimoyomoyo. Kidevu chake kilinifundisha mengi.

Sikuurudia mpira.
Niliunda mtu: kichwa sanduku, kiwiliwili sanduku,
bila macho, bila vidole.
Nikamtia mifupa, mmoja mmoja, nikamfunga ngozi juu yake,
goti likapindia nyuma, nikalirudisha,
likapinda tena, nikalirudisha tena,
nje theluji ikaanza upya, chai ikapoa na kuota utando.
Nikampa mfuko.
Nikausimamisha ulimwengu wake ghafla.

Sekunde tatu. Mashine ilizipika usiku kucha.

Dunja alizitazama mara nne bila kusema kitu.
Borna aliacha joka lake, akaja kusimama nyuma yetu.
Mfuko umechelewa, Dunja alisema.
Ndiyo, nikasema.
Akarudisha mwanzo, mara ya tano.
Kisha, kwa sauti ya chini, akiweka kidole kwenye kioo:
Ila mguu wa kushoto umezama sakafuni.

Ni kweli. Hadi kifundo.
Nitautoa kesho, baada ya zamu.
Leo acha asimame hivyo hivyo, mtu wangu wa masanduku:
huyu mmoja angalau
breki zangu hazitamwangusha.